Magitaa matatu nyuma ya kitenge: shajara ya mradi

Jumamosi, 1 Machi

Kamati ya kwaya imefika karakana saa nne asubuhi: mzee mwenyekiti, mama mhazini na kijana wa solo. Wana shilingi 900,000 walizochangisha tangu mwaka jana, na wanataka gitaa la solo kabla ya Pasaka, tarehe 20 Aprili. Gitaa lenyewe wamekuja nalo. Mfanyabiashara mmoja amewaachia ili walijaribu kwa mwezi, kisha walipe 850,000. Ni jekundu, linang'aa mpaka unajiona uso, na kichwani lina jina kubwa la Marekani kwa herufi za dhahabu.

"Fundi, sisi tunataka utuambie tu kwamba ni zima," mama mhazini akasema. "Jina lake tunalijua."

Nikaliunganisha kwenye ampu, kile kikuza sauti chenye spika, kijana akapiga vipande viwili vitatu. Lina sauti kubwa, kamati ikafurahi. Mimi nilisikia kitu kwenye freti za juu, zile pau za chuma zilizolala shingoni, kikanisumbua, lakini sikutaka kusema kwa kuhisi. Nikawaomba wiki tatu. Nitaliweka mezani pamoja na mengine mawili: lile la bluu la kwaya, lililolala stoo ya kanisa kwa sababu wanasema limechoka, na moja langu mwenyewe lisilo na jina popote, rangi imebanduka mpaka mbao inaonekana. Nililinunua kwa mpigaji aliyeacha muziki. Yote matatu tutayapima kwa namna moja, kisha tutayasikiliza bila kuyaona.

Kwa kuwa moja ni langu, nimeandika bei yake leo hii, 250,000, nikaitia kwenye bahasha na kumkabidhi mama mhazini. Haitapanda hata likipendwa na wote. Na siku ya kusikiliza mimi sitapiga kura.

Jumatatu, 3 Machi

Siku nzima ya vipimo. Nimeanza na urefu wa nyuzi, kwa sababu hapo ndipo gitaa linapozaliwa zima au kilema.

Yote matatu yanafuata kipimo cha milimita 648 ambacho kampuni ya Fender imekitumia kwenye magitaa yake mengi. Uzi huhesabiwa kutoka kwenye nati, yaani kile kipande chenye mifereji kinachobeba nyuzi karibu na kichwa, hadi kwenye vikalio vya daraja, yaani vipande vidogo vinavyobeba nyuzi upande wa tumboni. Freti ya kwanza hupatikana kwa kugawa urefu huo kwa 17.817, sawa na milimita 36.4. Ya pili hupatikana kwa kugawa vivyo hivyo urefu uliobaki, na kuendelea. Ukifika freti ya 12 uko katikati kamili, milimita 324, kwa kuwa uzi ukikatwa nusu hutoa sauti ileile okteva moja juu.

Ila kidole kikibonyeza, uzi huvutika na sauti hupanda kidogo. Kwa hiyo kila uzi huongezewa milimita chache upande wa daraja, na uzi mnene huongezewa zaidi. Vikalio vimewekewa skrubu ili fundi avisogeze nyuma na mbele mpaka sauti ikae.

Kwenye gitaa jekundu, freti zimepangwa sawasawa. Nikavuta kikalio cha uzi wa sita nyuma mpaka skrubu ikagoma. Kutoka freti ya 12 hadi kikalioni ni milimita 323. Nikapima mara tatu. Ilipaswa kuzidi 324, nayo haifiki hata hiyo. Daraja limefungwa mahali ambapo si pake. Tyuna, kifaa changu cha kupimia noti, inaonyesha kwamba uzi wa sita ukibonyezwa kwenye freti ya 12 unazidi kwa senti 20, na nusu toni nzima ni senti 100. Kwenye kodi za chini, yaani noti kadhaa zikipigwa pamoja, hutaliona sana, lakini mpiga solo akipanda juu, kwaya inaimba noti moja na gitaa linasema nyingine. Hicho ndicho nilichokisikia Jumamosi.

Tatizo hili haliondoki kwa bisibisi. Ni kung'oa daraja, kuziba matundu kwa vijiti na gundi, na kutoboa upya. Na gitaa si letu bado, siwezi kuligusa hivyo.

La bluu: urefu uko sawa, freti hazijalika, shingo imenyooka. Nati imekaa juu mno, ndiyo maana noti za freti tatu za mwanzo zinapanda na vijana wakaona gitaa halikubali kutyuni. Poti za volyumu na toni, vile vifaa vilivyo chini ya vitufe vya kuzungusha, zinakwaruza kwa vumbi.

Langu: freti zimechimbika, nati ina ufa. Shingo imenyooka kama rula.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu, mazoezi ya kwaya hakuna. Nimefungua matumbo ya magitaa.

Pikapu ni sumaku na waya wa shaba mwembamba, kama milimita 0.06, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya, na huo ndio unaokwenda kwenye ampu. Mita yangu ya ukinzani wa umeme imesoma kiloomu 6.0 kwenye la bluu, 6.3 kwenye langu, na 13 kwenye jekundu. Kusoma 13 kwa kawaida maana yake waya ni mwingi zaidi: sauti inatoka kubwa, na mara nyingi ule mlio mkali wa juu unapungua. Si ubaya wala uzuri, inategemea unapiga nini. Kilichoniuma ni ulehemu. Kwenye gitaa jekundu risasi imeganda juu ya waya bila kushika, na nyaya mbili zilitoka nilipozigusa kwa koleo. Nimezirudisha vizuri, hiyo haihitaji ruhusa ya mtu.

Leo nimemfikiria sana Leo Fender. Alikuwa fundi redio huko Fullerton, California, na hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Alisikiliza wapigaji wanalalamikia nini, akarudi benchi. Gitaa lake la mbao nzima lililoingia sokoni mwaka 1950, na Stratocaster ya 1954, shingo zake zimefungwa kwa skrubu ili ikiharibika uifungue na kuweka nyingine. Huyo ni mtu aliyewaza kuhusu fundi atakayekuja baada yake. Kwa hiyo sina ugomvi na majina makubwa hata kidogo. Jina lile lilikua kwa sababu kazi ilikuwa nzuri. Maandishi ya dhahabu, hata hivyo, mtu yeyote mwenye mashine ya stika anaweza kuyabandika, na kazi ile haibandikiki.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee mwenyekiti amepita peke yake, na mvua ikamfungia hapa karibu saa mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuambia ukweli. Watu wametoa michango yao, wanataka kuona kitu. Ukiwaletea gitaa lililobanduka, watauliza hela imekwenda wapi."

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu ana haki. Nikampa kiti. Kijana wangu wa karakana alikuwa amewasha redio, wakapiga wimbo wa zamani wa dansi, na mzee akaanza kuzungumza bila kuulizwa. Alisema ujana wao, jioni, walikuwa wanazunguka redio moja mtaani kusikiliza Morogoro Jazz, na solo ikiingia tu wanajua ni Mbaraka Mwinshehe. Baadaye alipokuwa na Super Volcano, vilevile. Alipofariki kwa ajali ya gari Kenya mwanzoni mwa 1979, mzee anasema watu walilia kama wamefiwa nyumbani.

"Gitaa lake lilikuwa la rangi gani?" nikamuuliza.

Akanitazama. "Sijui," akasema. "Mimi nilimsikia tu."

Mvua ilipokatika akaondoka, na mlangoni akageuka akauliza siku ya kusikiliza itakuwa lini.

Alhamisi, 13 Machi

Siku nne za kazi, na ninaziandika kwa urefu kwa sababu gitaa huwa gitaa hapa.

Nati mpya za magitaa mawili nimezichonga kwa mfupa wa paja la ng'ombe. Nimeununua buchani, nikauchemsha kuondoa mafuta, nikauanika, nikaukata kwa msumeno wa chuma. Mfupa ni mgumu, uzi haukwami, na sauti ya uzi mtupu inakaribia sauti ya uzi uliobonyezwa. Mifereji nimeichimba kwa tupa nyembamba, kila mmoja kwa unene wa uzi wake. Ukiuchimba mpana, uzi unacheza na kulia kama nyuki. Ukiuchimba mwembamba, uzi unakwama, na mpigaji akiuvuta haurudi mahali pake. Nati ya kwanza ya gitaa langu nimeitupa, nilizidisha uzi wa tatu kwa robo milimita.

Freti za langu nimezisawazisha. Unanyoosha shingo kwanza kwa kukaza nondo iliyo ndani yake, unazipaka freti zote wino wa kalamu nzito, kisha unapitisha msasa uliobandikwa kwenye ubao mnyoofu. Wino ukibaki mahali, hapo ni bonde. Unaendelea taratibu mpaka wino wote umeguswa, halafu unarudisha uduara wa kila freti kwa tupa, moja baada ya nyingine, zote 21. Mwisho unang'arisha. Kazi hii haionekani kwa mtu aliyekaa benchi la kanisa, lakini kidole cha mpigaji kinaiona kila sekunde.

Shingo nimeiachia upinde mdogo wa robo milimita, kwa sababu uzi unapotikisika unahitaji nafasi. Kwenye freti ya 12 uzi mwembamba umekaa juu kwa milimita 1.6 na mnene 2. Masika yameanza na unyevu wa Dar es Salaam husogeza mbao, kwa hiyo nimepima asubuhi na jioni siku mbili mfululizo. Shingo ya langu haikusogea. Ya bluu ilisogea kidogo sana. Ya jekundu ilihitaji kukazwa tena.

Jekundu nalo nimelipa haki yake: nyuzi mpya, urefu na upinde uleule, freti tatu zilizokuwa juu nimezigonga zikakaa, na ncha zilizokuwa zinakwaruza kiganja nimezilainisha. Mfanyabiashara nilimpigia simu, akaruhusu hayo, daraja akakataa. Magitaa yote matatu sasa yana nyuzi za unene wa 10 hadi 46 (kwa elfu za inchi), za pakiti za aina moja.

Kijana wa karakana ameniuliza kama mbao ndiyo inayoleta sauti. Nikamwambia hadithi ya Les Paul, mpiga gitaa wa Marekani. Karibu mwaka 1940 alichukua gogo la mbao ya paina, inchi nne kwa nne, akalifunga shingo na pikapu, likalia vizuri. Watu hawakulijali mpaka alipolikata gitaa la kawaida katikati na kubandika mabawa yake pembeni ya gogo, ili lifanane na gitaa. Mabawa yale yalikuwa ya macho tu. Na miaka ya 1950 Nathan Daniel alitengeneza magitaa ya Danelectro kwa hadibodi na fremu ya mbao, pikapu akazifungia ndani ya vibweta vya rangi ya mdomo, na wanamuziki wakubwa wakazipiga. Kwenye gitaa la umeme mimi naweka mbele pikapu, daraja, nati na freti. Mbao naidai kitu kimoja kwanza: shingo isisogee.

Jumamosi, 15 Machi

Kusikiliza, awamu ya kwanza, ukumbi mdogo wa kanisa. Tumetundika kitenge cha mama mhazini kwenye kamba, kijana wa solo nyuma yake na magitaa matatu, waimbaji saba mbele. Waya mmoja, ampu moja, vitufe vya ampu havikuguswa. Mama mhazini aliokota vikaratasi kwenye kikapu kupanga zamu. Kila gitaa lilipigwa mara mbili bila waliokaa mbele kujua: wimbo wa taratibu, kodi za kusindikiza, na kipande cha haraka juu kabisa ya shingo.

Jekundu limepata kura tano kati ya saba.

Nimerudi nyumbani sina furaha. Kama ndivyo masikio yanavyosema, basi ndivyo, na nitaandika hivyo. Lakini nilipokuwa nimesimama nyuma ya ukumbi kuna jambo nililiona: kila zamu ya jekundu ilipofika, watu waliinua vichwa kabla hata wimbo haujashika.

Jumapili, 16 Machi

Ni ukubwa wa sauti. Pikapu ya kiloomu 13 dhidi ya 6, kwa kitufe kilekile cha ampu. Baada ya ibada nimepima kwa programu ya simu nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye spika, na jekundu limezidi mengine kwa desibeli 5 hivi. Sikio la mwanadamu likipewa sauti mbili zinazofanana, huona iliyo kubwa kidogo ndiyo nzuri. Wauza redio wanalijua hilo siku zote. Jaribio la jana lilipima nani anapiga kelele zaidi, na kosa la mpango lilikuwa langu.

Nimekumbuka utafiti wa violini uliofanyika Indianapolis, Marekani, mwaka 2010 chini ya mtafiti Claudia Fritz na kuchapishwa 2012. Wapigaji 21 walipewa violini sita, tatu mpya na tatu za kale, zikiwemo mbili za Stradivari, fundi wa kale wa Italia mwenye jina kubwa sana. Walivaa miwani ya kuchomelea ili wasione, na violini zikapakwa manukato kidogo sehemu ya kidevu ili hata harufu ya mbao ya zamani isiwaambie kitu. Iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa moja ya Stradivari. Kilichonigusa si matokeo yake, ni ule uangalifu wa manukato. Walijiuliza kila mlango ambao jina lingeweza kupenya, wakaufunga. Mimi niliacha mmoja wazi kabisa.

Jumamosi, 22 Machi

Awamu ya pili. Nimeweka alama ya penseli kwenye kitufe cha volyumu cha kila gitaa ili simu isome namba moja kwa yote. Kitufe cha jekundu kilipopunguzwa sauti yake ilififia juu, kwa hiyo nikalipa nafasi ya pili: volyumu ya gitaa wazi, ampu ikashushwa. Zamu zake zote zikafanywa hivyo.

Watu walewale saba, kitenge kilekile. Lisilo na jina kura nne, la bluu mbili, jekundu moja. Saba ni watu wachache na sidai kwamba hii ni sayansi. Lakini karatasi zao zina maneno, na maneno yana uzito kuliko kura. Mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu, asiyejua lolote kuhusu freti, aliandika mara zote mbili kuhusu jekundu: "Likipanda juu linanitoa kwenye noti." Zile senti 20 amezisikia yeye peke yake, bila tyuna. Mwingine aliandika kuhusu langu kwamba kodi zinapopigwa anasikia nyuzi moja moja. Mmoja alilipa la bluu alama ya juu mara ya kwanza na ya chini mara ya pili, nami nimemshukuru kwa kutobadilisha karatasi yake.

Kisha zamu ya kijana wa solo. Tulimfunga kanga machoni, vichwa vya magitaa vikafunikwa kitambaa. Kwake si sauti tu, ni mkono. Alichukua la bluu kwanza akasema shingo yake inamkaa kiganjani kuliko zote. Baadaye akapiga lisilo na jina, akapanda mpaka freti ya 17, akashikilia noti ndefu, akaivuta, akairudisha. Akarudia tena. Ukumbi ukanyamaza. "Hili linanisubiri," akasema. Sijui kama kuna kipimo cha neno hilo, nimeliandika kama alivyolisema.

Kanga ilipotolewa akacheka kwa mshangao, akalipapasa pale rangi ilipobanduka.

Jumamosi, 29 Machi

Kikao cha kamati. Mama mhazini alifungua bahasha ya tarehe 1 mbele ya wote. Lisilo na jina litakuwa gitaa la solo, 250,000. La bluu limetoka stoo, litapiga gitaa la kati. Kazi yangu na vifaa vya magitaa mawili ni 130,000, na risiti za vifaa nimezikabidhi. Jekundu nimelirudisha mwenyewe na karatasi ya vipimo. Mfanyabiashara aliisoma kimya, akaniomba nimwonyeshe mahali daraja linapopaswa kukaa. Nimemchorea.

Zimebaki 520,000. Mzee mwenyekiti ndiye aliyesema: "Spika ya ampu inakwaruza, sote tumeisikia. Tuanze na hiyo." Nimefurahi kuliko nilivyofurahi kwa kura. Sauti yote ya gitaa la umeme inatokea pale mwisho, kwenye karatasi ya spika, na mzee ameifikia kwa masikio yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Spika mpya imefungwa, inchi 12. Mvumo wa umeme wa hertzi 50 bado unasikika taa ndefu za ukumbi zikiwashwa, kwa sababu pikapu ya koili moja hunasa kila kitu. Nimebandika karatasi ya alumini ndani ya tundu la nyaya la kila gitaa na kuiunganisha na waya wa ardhi. Mlio wa taa umepungua, ule mvumo mzito umebaki kwa mbali. Kijana ameomba nyuzi nyembamba ziinuliwe kidogo, zimekuwa milimita 1.8.

Wajumbe wawili wameomba nilipake rangi. Nimewaeleza kwamba kulipaka vizuri ni kulifungua lote na kungoja wiki kadhaa likauke, na masika haya hayakaushi kitu. Tutalizungumza baada ya mavuno.

Jumamosi, 19 Aprili

Nyuzi mpya nimezifunga jana jioni ili zinyooke na kutulia kabla ya ibada ya alfajiri. Leo nimezivuta kwa mkono na kutyuni mara nne, hazisogei tena. Freti ya 12 imesoma sawa kwenye nyuzi zote sita.

Mama mhazini amepita na mfuko wa gitaa alioushona mwenyewe kwa kile kitenge cha ukumbini, ndani ameweka godoro jembamba, na ubavuni kuna kijimfuko cha nyuzi za akiba. Gitaa limeingia bila kubana.